Sheria Inapoamuru Kisichowezekana: Funzo la Bastola za California

Sheria ya kudhibiti silaha hupimwa kwa mambo mawili, nayo ni uhalali wake na utekelezekaji wake. Mijadala ya hadharani huelemea upande wa kwanza, ambako hoja hushindana kuhusu haki ya raia kumiliki bunduki na wajibu wa dola kulinda maisha, ilhali upande wa pili, yaani kama kinachoamriwa kinaweza kutengenezwa kiwandani na kikadumu katika matumizi, huachiwa mafundi na mara nyingi huulizwa baada ya sheria kutiwa saini. Jimbo la California nchini Marekani limeonyesha waziwazi gharama ya kuchelewa kuuliza swali hilo.

Mnamo Oktoba 2007, Gavana Arnold Schwarzenegger alitia saini sheria iliyotaka kila modeli mpya ya bastola inayojipakia yenyewe iwe na uwezo wa kuchapa alama za utambulisho kwenye ganda la risasi kila inapofyatuliwa. Bastola ya aina hiyo, tofauti na rivolva ambayo hubaki na maganda yake ndani, hulitema ganda tupu mara risasi inapotoka, na ndiyo maana polisi wanaofika mahali pa mauaji huweza kuyakuta maganda yamezagaa chini ilhali bastola yenyewe imekwisha kutoweka. Kilichokusudiwa ni kuchonga kwa leza herufi na tarakimu zinazotaja mtengenezaji, modeli na namba ya silaha kwenye ncha ya pini ya kupigia, yaani kipande chembamba cha chuma ambacho huruka mbele na kugonga kiwashio kilichomo katika kitako cha risasi. Pini inapogonga, maandishi hayo yanatakiwa kujichapa kwenye chuma laini cha kiwashio kama muhuri unavyojichapa kwenye lakiri, ili mpelelezi ayasome kwa hadubini na kuifuata namba hiyo hadi kwa mtu wa kwanza aliyeinunua bastola dukani.

Ugumu wote umekaa kwenye ncha hiyo, ambayo ni ndogo kuliko punje ya mtama, na ambayo hugonga chuma tena na tena, hupata masizi ya baruti, na huchakaa kadiri silaha inavyotumika. Majaribio ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis yalionyesha kwamba usomekaji wa alama ulitofautiana kati ya bastola moja na nyingine na kati ya aina moja ya risasi na nyingine, jambo lisiloshangaza kwa kuwa viwashio havilingani kwa ugumu. Hata hivyo, sheria haikutosheka na pini, kwani ilidai alama hizo zichapwe kutoka sehemu mbili au zaidi za ndani ya silaha, ingawa kuta za chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, huligusa ganda kwa kulibana tu, bila pigo lenye kishindo kama la pini. Zaidi ya hayo, pini ni kipuri kinachoweza kubadilishwa au kusuguliwa kwa tupa, na mhalifu mwenye hila anaweza kuokota maganda ya watu wengine kwenye uwanja wa kulenga shabaha na kuyamwaga mahali pa tukio.

Bunge la jimbo lilikuwa limeweka tahadhari kwamba sharti hilo lisianze kutumika mpaka Idara ya Haki ithibitishe kuwa teknolojia husika inapatikana kwa watengenezaji zaidi ya mmoja bila kufungwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu kuzuia wengine wasitumie ubunifu wake. Uthibitisho huo ulitolewa Mei 2013, Kamala Harris akiwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na ukaliwasha sharti lote, ingawa ulichojibu ni nani anaruhusiwa kutumia ubunifu huo, na swali la kama ubunifu wenyewe hufanya kazi katika bastola za dukani lilibaki bila jibu.

Matokeo yake ni kwamba kwa takriban miaka 10 hakuna modeli mpya hata moja ya bastola za aina hiyo iliyotimiza masharti na kuingizwa kwenye orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa California, kwa kuwa hakuna kiwanda kilicholeta bastola yenye uwezo huo. Modeli za zamani zilizokuwa kwenye orodha ziliendelea kuuzwa, nyingi kati yake zikikosa hata kiashirio kinachomwonyesha mtumiaji kwamba kuna risasi ndani ya chemba, kifaa ambacho jimbo hilohilo lilikuwa limekiwekea sharti kwa modeli mpya ili kuzuia ajali. Hivyo sheria iliyotungwa kwa ajili ya usalama iliziacha bastola za zamani ziendelee kutawala soko, na haikuwapa wapelelezi ganda hata moja lenye alama kutoka kwenye modeli mpya iliyoidhinishwa kwa masharti hayo.

Watengenezaji walipokwenda mahakamani walitegemea kanuni iliyomo katika sheria za jimbo kwamba sheria haimdai mtu kisichowezekana, lakini mnamo Juni 2018 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba kanuni hiyo humsaidia jaji kutafsiri sheria, wala haimpi mamlaka ya kuifuta. Mwaka 2020 bunge lilipunguza sharti hadi sehemu moja, na Machi 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho, Cormac Carney, alitoa zuio la muda dhidi ya utekelezaji wake kwa misingi ya haki ya kikatiba ya kumiliki silaha.

Watetezi wa sheria hiyo wana hoja nzito, kwamba viwanda visipobanwa havitabuni chochote, na kwamba mwaka 1970 Marekani iliamuru moshi wenye sumu utokao kwenye magari mapya upunguzwe kwa asilimia 90 wakati teknolojia ya kufanya hivyo ikiwa bado changa. Ni kweli, lakini amri ile ilikuwa na kiwango kinachopimika maabara, tarehe ya mwisho, na nafasi ya kuisogeza tarehe hiyo, nayo ilisogezwa, na magari ya mwaka 1975 yakatoka yakiwa na vifaa vya kusafisha moshi. Amri ya California haikueleza ni alama ngapi kati ya 100 zinapaswa kusomeka, wala baada ya pini kugonga mara ngapi.

Jimbo la Maryland nalo lilianza mwaka 2000 kukusanya ganda lililofyatuliwa kutoka kila bastola mpya, kwa matumaini kwamba mikwaruzo ya asili ingelinganishwa na maganda ya matukio. Baada ya kukusanya maganda zaidi ya 300,000 na kutumia takriban dola milioni 5, lilifuta mpango huo mwaka 2015 bila kesi hata moja kutatuliwa kwa hifadhi hiyo peke yake.

Sheria mpya ya California ya mwaka 2023 imegeuza mpangilio wa hatua, kwa kuitaka Idara ya Haki ichunguze kwanza kama teknolojia inafaa, ndipo sharti lianze kuwabana wauzaji kuanzia 2028. Mpangilio huo ndio uliopaswa kufuatwa tangu 2007, kwa sababu familia inayosubiri kujua nani alimuua mtoto wao haisaidiwi na kifungu kizuri kwenye karatasi. Inasaidiwa na herufi zinazosomeka kwenye ganda, na hizo lazima zithibitishwe kwenye meza ya majaribio kabla ya kuandikwa kwenye kitabu cha sheria.