Meli ya huduma: semi ya baharini isiyotia nanga

Mwaka 2012 Statoil, ambayo sasa ni Equinor, iligundua gesi kwenye kisima cha Zafarani, nje ya pwani yetu ya kusini, penye kina cha zaidi ya mita 2,000. Meli inayochimba haiachi kisima kwenda kufuata mafuta bandarini. Huletewa na meli ya huduma.

Msikilizaji, fikiria semi inayopanda Kitonga: kichwa mbele, nyuma sitaha ndefu ya kubebea mabomba. Chini yake yamo matangi ya mafuta, maji na tope la kuchorongea.

Kwa kina hicho haitii nanga. Kompyuta hufuata setilaiti na kuendesha propela za pembeni, meli isisogee wakati kreni inapakua. Ikisogea, mpira wa mafuta hukatika au meli hugongana. Bahari ikichafuka, nahodha hujitenga, hata kama mzigo haujaisha.