KUFUNGA WINCHI KWENYE LAND ROVER: FUNZO LA MATOPE YA KANO

Huenda wengi wenu mlitarajia niwaletee kisa cha Sungura na Fisi. La! Leo nimewaletea habari za chuma, grisi na matope. Someni hadi mwisho, kwani jambo lenyewe lilikaribia kumvunja mtu mguu.

Mjomba wangu ana Land Rover kuukuu, ile ndefu ya 110. Kazi yake ni kubeba mpunga kutoka mashamba ya Ahero na kuuleta Kisumu. Lakini mvua ikinyesha, gari hilo huwa ni la kila mtu. Wenyeji wa uwanda wa Kano wananielewa. Mto Nyando ukifura, udongo wetu mweusi hunywa maji ukavimba, ukanata kama ugali mbichi. Gari likizama humo, tope hulikumbatia kutoka chini, na kulivuta huhitaji nguvu nyingi kuliko uzito wake.

Wakati wa masika ya 2024, mjomba aliitwa usiku kumchukua mama mja mzito. Gari likazama hadi ekseli. Winchi ilikuwapo, ila fundi mmoja alikuwa ameifunga kwenye bampa tu. Mjomba alipobonyeza swichi, bampa ilijikunja kama bati, bolti mbili zikakatika na waya ukarudi kwa kishindo. Ulipita kando ya goti la tanboi! Yule mama alipelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara ya lami. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu, lakini mjomba aliapa kwamba jambo hilo halitarudiwa.

Likizo ya Agosti ilipofika, tulipeleka gari kwa mzee mmoja wa jua kali hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kupitisha spana, na kuuliza maswali mengi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, chagua winchi inayolingana na gari. Kanuni ni kwamba nguvu yake isipungue mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo. Gari la mjomba likijazwa hufika kama kilo 3,000, kwa hivyo lilihitaji winchi ya kilo 4,500 au zaidi. Alinunua ya ratili 12,000, yaani kama kilo 5,400. Tena kumbuka: nguvu hiyo iliyoandikwa ni ya safu ya kwanza ya waya kwenye dramu. Kadiri waya unavyorundikana juu yake, ndivyo nguvu inavyopungua.

Pili, mahali pa kuifunga. Hapa ndipo yule fundi wa kwanza alipokosea. Mzee alinigeukia akasema, "Kijana, bampa ni pua, chasisi ni mifupa. Umeona wapi mtu akivutwa kwa pua?" Alitengeneza kiti cha bamba nene la chuma, akakifunga kwenye nguzo zote mbili za chasisi kwa bolti ngumu zenye alama ya 8.8 kichwani. Kila nati aliiwekea washa ya springi isije ikalegea kwa mitikisiko. Mbele ya dramu akafunga rola nne ili waya usisuguliwe na chuma unapoingia kwa upande.

Tatu, umeme. Kabla ya kugusa waya wowote, alifungua kichwa cha hasi cha betri. Winchi ikivuta kwa nguvu zake zote huweza kula ampea 400 hivi, ilhali altaneta ya gari kama hilo hutoa chini ya ampea 100. Zilizobaki zinatoka wapi? Kwenye betri! Ndiyo maana nyaya zake ni nene kama kidole gumba, nazo huenda moja kwa moja hadi betrini. Mzee alizivisha mipira na kuzipitisha mbali na bomba la moshi. Kwa sababu hiyo pia, injini iwe inanguruma wakati wa kuvuta, na winchi ipumzishwe kila baada ya muda mfupi, ama sivyo betri itakufa na mota itaungua.

Nne, kuviringisha waya. Waya mpya ukiviringishwa ukiwa umelegea, siku ya kazi safu ya juu itazama katikati ya zile za chini na kujibana. Tulienda kwenye mteremko wa vilima vya Riat, tukafunga kulabu kwenye mti, gari likajivuta polepole huku mjomba akigusa breki kidogo. Waya ukajipanga sawasawa kama uzi kwenye kibiringo.

Sasa matumizi. Vaa glavu nzito. Waacheni watu wasimame mbali, na asiruke mtu yeyote waya uliokazwa. Tupia blanketi au koti zito katikati ya waya. Ukikatika, uzito huo utauangusha chini. Usifungue waya wote: mizunguko mitano ibaki kwenye dramu. Mti nao uvishwe mkanda mpana, maana waya huukata ganda. Gari likikataa kutoka, tumia kapi: nguvu huongezeka maradufu, ingawa mwendo hupungua kwa nusu.

"Na kule kwenye mashamba ya mpunga, ambako hakuna miti?" nikauliza.

Mzee akacheka. "Chimba shimo, uzike gurudumu la akiba pamoja na mkanda wake. Hilo ndilo mti wako."

Niliona ni mzaha, kumbe ni kweli. Mvua za vuli zilipokuja, tulikwama karibu na Ahero tukiwa na mzee mgonjwa wa moyo kiti cha nyuma. Mti, hakuna. Mimi na tanboi tulichimba shimo lenye kina cha kiuno changu, tukazika gurudumu. Mjomba akawasha injini, akatuamuru tusimame mbali, akabonyeza. Waya ulikazwa ukalia, bampa haikutikisika, na gari likatoka matopeni kama jino linalong'olewa. Mgonjwa alifika hospitalini kabla ya giza.

Wenzangu, wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Bolti mbili zilizofungwa ovyo zilikaribia kutuletea msiba. Bolti zilizofungwa vyema zilitufikisha hospitalini. Ukiwa fundi kesho, mkumbuke yule utakayempelekea gari, na yule atakayebebwa ndani yake.