Alternata Mpya, Betri Bado Haichaji

Mkulima wa Bahati apelekaye maziwa Nakuru kabla ya mapambazuko hana budi kuwa na taa na betri yenye nguvu. Ikiwa umekwisha kununua betri mpya na alternata mpya, na bado asubuhi gari haliwaki, usikimbilie kununua alternata ya pili. Mara nyingi ubaya umo katika waya zile zile za zamani.

Azima mita ya volti. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa huonyesha 12.6 hivi. Washa injini na taa kubwa, kisha upime tena: magari mengi huonyesha baina ya 13.8 na 14.5. Ikiwa betri yaonyesha 12, pima alternata yenyewe. Ukipata 14 huko, alternata ni nzima; umeme wapotea njiani. Tazama fyuzi kubwa, waya mnene uendao kwenye betri, na hasa waya wa ati. Fundi aweza kuufunga juu ya kutu au rangi. Zima injini, toa waya wa hasi wa betri, sugua mpaka chuma king'ae, kisha kaza.

Lakini alternata nayo ikionyesha 12, kaza mkanda kwanza. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini: taa nyekundu ya betri yapasa kuwaka. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa kuiamsha alternata hupitia balbu hiyo, na ikiungua hakuna chaji.

Wazee wa dainamo walizoea kutoa waya wa betri injini ikinguruma, ili kujaribu. Usifanye hivyo, alternata huungua.