Kwa Nini Seva Huchelewa Kumtambua Mtumiaji Wake?

Msafiri aendaye Kisiwa cha Mafia kwa njia ya barabara hufika Nyamisati, bandari iliyomo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Hapo barabara huishia na mikoko ya delta ya Rufiji huanza, na boti ziendazo Kilindoni hupita kwanza katika mikono ya mto kabla ya kuifikia bahari. Katika sehemu ya namna hii, ambako saa ya maji kujaa na kupwa haimngoji mtu, yafaa tuuchunguze ugonjwa mmoja wa kompyuta unaowasumbua watumishi wengi nchini, nao ni kuchelewa kuingia.

Tuchukue mfano. Karani aandikaye majina ya abiria, au mganga wa zahanati anayetaka kuiona kumbukumbu ya mgonjwa, anakaa mbele ya kompyuta na kuandika jina lake na neno lake la siri. Kisha anangoja. Nusu dakika inapita, naye haoni kitu. Halafu, bila ya sababu inayoonekana, mlango unafunguka, na tangu hapo kazi yote inakwenda upesi kama kawaida. Kesho yake hali ni ile ile. Aghalabu uamuzi unaotolewa ni kwamba seva imezeeka, au kwamba Nyamisati iko mbali mno. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba sababu hizo mbili mara nyingi si za kweli, na kwamba ugonjwa huu unaweza kutafutwa kwa utaratibu hadi ukaonekana.

Daftari moja kwa ofisi nyingi

Hapo mwanzo kila kompyuta ilikuwa na daftari lake la watumiaji. Mfumo wa CTSS wa Chuo cha MIT, Marekani, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961, ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kumtaka mtumiaji neno la siri. Kompyuta ilikuwa moja, na daftari lilikuwa moja. Mashine zilipoongezeka, ikawa kazi ngumu kuliandika jina la mtumishi mmoja katika daftari mia moja, na kazi ngumu zaidi kulifuta katika zote siku anapohama au kuacha kazi.

Ndipo likazuka wazo la daftari kuu. Mradi wa Athena, ulioanzishwa MIT mwaka 1983, ulizaa utaratibu uitwao Kerberos, ambao humpa mtumiaji aliyekwisha kuthibitishwa hati ya muda ya kuonyesha kwa kila seva anayoiendea, mfano wa tiketi ya chombo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1993, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa utaratibu mwepesi wa kulisoma daftari kuu kwa njia ya mtandao, unaojulikana kwa herufi LDAP. Mashirika mengi hadi leo hutumia taratibu hizi mbili, au nyingine zilizojengwa juu yake.

Mwananchi wa Tanzania ameliona wazo hili kwa macho yake. Tangu tarehe 1 Mei 2019 usajili wa laini za simu ulianza kufanywa kwa alama za vidole, na kila alama ilipelekwa kulinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Wakala aliyekaa chini ya mwavuli kijijini hakuwa na uwezo wa kumthibitisha mteja kwa hiari yake. Jibu lilitoka katika daftari kuu. Faida yake ni kwamba ukweli unatunzwa mahali pamoja. Gharama yake ni kwamba kila mlango, hata ulio mbali, hauna budi kumwuliza mtu asiyekuwapo.

Kungoja si kufanya kazi

Tuanze na umbali, kwa kuwa ndio unaolaumiwa kwanza. Mwanga hupita ndani ya nyuzi za kioo kwa mwendo wa kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Hata kama waya wa kutoka Nyamisati hadi Dodoma ungezungukazunguka hadi kufikia kilometa 1,000, swali lingekwenda na jibu likarudi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Maswali ishirini yangechukua sehemu moja ya tano ya sekunde, muda ambao mtu hausikii. Umbali peke yake, basi, hauwezi kueleza nusu dakika.

Iko hali moja ambapo umbali huwa sababu ya haki. Setelaiti inayoonekana kama imesimama angani iko kilometa 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka. Jumla ni zaidi ya kilometa 143,000, yaani karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu lake. Maswali ishirini hapo huwa sekunde kumi. Kuongeza upana wa njia hakusaidii, kwa maana tatizo si wingi wa mzigo bali urefu wa safari. Hapo dawa ni kupunguza maswali.

Lakini mahali ambapo waya upo, ucheleweshaji mkubwa karibu siku zote hutokana na kumngoja asiyejibu. Ni muhimu kutofautisha kati ya jibu la «hapana» na kimya. Seva iliyo hai ambayo haina huduma inayotakiwa hujibu mara moja kwamba haina, na mwulizaji huenda kwingine. Seva iliyozimwa, au iliyo nyuma ya kizuizi cha usalama kinachotupa maswali bila ya kusema neno, humwacha mwulizaji akingoja hadi subira yake iishe. «Hapana» huja upesi. Kimya ndicho kinachokula muda.

Subira hiyo imepangwa kwa tarakimu. Katika kompyuta nyingi za Linux, programu inayotafuta majina ya mtandao hungoja sekunde 5 kwa seva ya majina ya kwanza kabla ya kuijaribu ya pili. Ikiwa ya kwanza imekufa na ya pili ni nzima, kila swali la jina hupotea sekunde 5. Kuingia kunakohitaji majina matatu huchukua sekunde 15. Zote mbili zikiwa zimekufa, programu huzizungukia mara mbili, na swali moja hula sekunde 20. Hii ndiyo alama ya kwanza ya ugonjwa: ucheleweshaji unaojirudia kwa tarakimu kamili, 5, 10, 15 au 30, ni saa ya subira inayolia. Kazi halisi haina desturi ya kumalizika kwa tarakimu kamili kila siku.

Jinsi ya kuutafuta ugonjwa

Tabibu mwema humwuliza mgonjwa maumivu yako wapi kabla ya kutoa dawa. Fundi wa seva naye afuate njia hiyo hiyo, akiwa na saa mkononi.

Kwanza, alinganishe. Aingie kwa akaunti iliyoandikwa ndani ya seva yenyewe, kisha kwa akaunti ya daftari kuu. Akaunti ya ndani ikiingia mara moja na ile nyingine ikachelewa, mashine haina hatia. Hata hivyo awe mwangalifu: kompyuta nyingine huliuliza daftari kuu orodha ya vikundi hata kwa mtumiaji wa ndani, kwa hiyo zote mbili zikichelewa bado daftari kuu halijatakasika.

Pili, aangalie kama seva inatoka jasho. Ikiwa wakati wa kungoja kichakato chake kimelala na diski yake imetulia, basi seva haifanyi kazi, bali inangoja. Kununua mashine yenye nguvu zaidi ni kununua mashine itakayongoja kwa nguvu zaidi.

Tatu, agundue ni hatua ipi inayochelewa. Hatua ni tatu, na kila moja ina mtuhumiwa wake:

1. Kabla ya kuulizwa neno la siri. Mara nyingi hapa seva inatafuta jina la kompyuta ya mgeni kwa kutumia namba yake ya mtandao. Programu ya OpenSSH iliacha kufanya hivyo kwa kawaida tangu toleo la 6.8 la mwaka 2015, lakini seva za zamani, na zile zilizonakili mipangilio ya zamani, bado hufanya.

2. Baada ya kuandika neno la siri na kabla ya kukubaliwa. Hapa ndipo daftari kuu linapoulizwa. Fundi alisome orodha ya seva za daftari zilizoandikwa katika mipangilio. Huenda ya kwanza iliondolewa kazini zamani, na jina lake bado limekaa juu. Kila anayeingia humbishia hodi marehemu kabla ya kwenda kwa mrithi.

3. Baada ya kukubaliwa. Hapa seva hulifungua jalada la mtumiaji, ambalo huenda limewekwa katika mashine nyingine, na hukusanya vikundi vyake. Daftari lisilo na faharasa hulazimika kusomwa ukurasa kwa ukurasa tangu mwanzo hadi mwisho kwa kila swali. Likiwa na watu mia halionyeshi dosari. Likiwa na watu elfu hamsini hulemewa.

Nne, aulize daftari kuu moja kwa moja, bila ya kupitia mlango wa kuingilia, na apime muda wa jibu. Afanye vivyo hivyo kwa seva ya majina. Kipimo hiki cha dakika mbili hutenga sehemu nzima na sehemu mbovu.

Tano, atazame saa. Kerberos kwa kawaida haikubali saa mbili zipishane kwa zaidi ya dakika 5, ili hati iliyoibiwa isitumike baadaye. Kompyuta iliyokatikiwa umeme, na ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, huweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita. Hapo hati zote zitakataliwa, na kama mfumo umepangwa kujaribu njia nyingine, mtumiaji ataona ucheleweshaji badala ya kuona kosa.

Funzo la Mei 2024

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, Seacom, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza mwaka 2010, zilikatika katika pwani ya kusini, kati ya Afrika Kusini na Msumbiji. Zote mbili hutua Dar es Salaam, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana.

Katika tukio la namna hiyo, ofisi ambayo seva yake iko Dar es Salaam, daftari lake liko Dodoma, na watumiaji wake wako Kibiti, isingetazamiwa kuathirika, maana hakuna sehemu ya kazi yake inayovuka bahari. Lakini ikiwa fundi aliandika katika mipangilio seva ya majina iliyo ng'ambo, kila anayeingia huulizia ng'ambo jina la mashine iliyo chumba cha pili. Siku za amani safari hiyo haionekani. Siku waya unapokatika, mlango wa nyumbani unakuwa mzito kwa sababu ya mtu asiyehusika. Kwa hiyo kila ofisi ingefaa ijue majibu ya mlango wake yanatoka wapi, na ihakikishe kwamba majina ya ndani yanajibiwa ndani.

Tiba na tahadhari zake

Tiba ya kwanza ni usafi: kufuta seva zilizokufa katika orodha, kuweka faharasa, kusawazisha saa, na kupunguza subira kutoka sekunde 5 hadi 1 au 2 pale ambapo njia ni nzuri. Tiba ya pili ni akiba. Programu kama SSSD huweka karibu nakala ya majibu yaliyokwisha kutolewa, hata mtumiaji aliyewahi kuingia akaweza kuingia tena wakati njia ya kwenda kwenye daftari kuu imekatika. Kwa sehemu ambazo mafuriko yaweza kuzitenga, kama Rufiji na Kibiti zilivyopatwa mwezi Aprili 2024, akiba hii ni ya lazima.

Lakini akiba ina hatari yake. Mtumishi aliyeondolewa katika daftari kuu leo anaweza kuendelea kuingia kwa kutumia nakala ya jana. Ni sharti basi akiba iwekewe ukomo wa siku, na ukomo huo uamuliwe na wenye dhamana ya kumbukumbu, si na fundi peke yake.

Pengine msomaji atauliza: je, nusu dakika inastahili makala nzima? Tufanye hesabu. Watumishi wanane wakiingia mara tano kila mmoja kwa siku hupoteza dakika 20 kila siku. Na hasara kubwa zaidi si hiyo. Watu wakichoshwa na mlango mzito huuegesha wazi. Mmoja huingia asubuhi, na wenzake wote hutumia jina lake hadi jioni. Tangu hapo haijulikani nani aliyeandika dozi ya mgonjwa, wala nani aliyefuta jina la abiria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka ofisi zilinde taarifa za wananchi; lakini kumbukumbu zinazoonyesha kwamba mtu mmoja alifanya kazi ya wanane haziwezi kumlinda yeyote.

Daftari kuu liliwekwa ili kila tendo liwe na mwenyewe. Likichelewa kujibu, linawafundisha watumishi kulikwepa, na lengo lake linapotea hata kama kila mtambo ni mzima. Kwa hiyo seva inapochelewa kumtambua mtumiaji wake, tusikimbilie kuuliza ina nguvu kiasi gani. Tuulize inamngoja nani.