Kubadili injini ya gari la familia: kazi haikamiliki hadi kadi ibadilike

Dar es Salaam

Katika mitaa mingi ya miji ya Tanzania bado yapo magari ya familia aina ya Toyota Corolla yaliyotengenezwa katika miaka ya 1990. Bodi zake zingali imara, vipuri vyake vinapatikana na mafundi wengi wanayafahamu vyema. Kinachochoka ni injini. Gari huanza kutoa moshi wa bluu, oili hupungua kabla ya muda wa kuibadili kufika, na nguvu hupotea linapopanda mlima likiwa na abiria.

Mmiliki wa gari la namna hiyo huwa na njia tatu. Anaweza kuifungua injini na kuikarabati, anaweza kununua gari jingine, au anaweza kuweka injini ya kisasa zaidi iliyotolewa kwenye gari lililotumika nje ya nchi. Wanaochagua njia ya tatu mara nyingi huifanya kazi hiyo nyumbani, fundi akiitwa uani na ndugu wakisaidia kubeba na kushika.

Kazi ya ufundi inaweza kwenda vizuri, gari likawaka na kurudi barabarani siku chache baadaye. Tatizo hujitokeza siku gari linapouzwa, linapokaguliwa au linapopata ajali, na ikabainika kuwa namba iliyochongwa kwenye injini si ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu kabla ya kukubali injini ya zamani ing'olewe.

Tofauti kati ya injini ya zamani na ya kisasa

Mfano ulio wazi ni Corolla ya kizazi cha E110, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995. Baadhi ya magari hayo yana injini aina ya 5A-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,498. Mwaka 2000 Toyota ilipotoa kizazi kilichofuata cha Corolla, toleo la lita 1.5 lilipewa injini ya 1NZ-FE yenye ujazo wa sentimita 1,497. Injini hiyo ndiyo inayopatikana pia katika baadhi ya magari aina ya IST, Vitz na Probox yanayoonekana kila siku barabarani, na kwa sababu hiyo vipuri vyake si vigumu kuvipata.

Kwa ujazo, injini hizo mbili zinakaribia kulingana. Kwa muundo, zinatofautiana sana. Bloku ya 5A-FE ni ya chuma cha kalibu, ilhali ya 1NZ-FE ni ya aluminiamu yenye mikono ya chuma ndani ya silinda. Injini ya zamani huendesha kemshafti kwa mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwa vipindi. Ile ya kisasa hutumia mnyororo. Injini ya zamani hugawa moto wa plagi kwa distributa, wakati ile ya kisasa ina koili moja juu ya kila plagi. Aidha, 1NZ-FE ina mfumo wa VVT-i unaobadili wakati wa kufunguka kwa valvu kulingana na mwendo, jambo linalosaidia kupata nguvu zaidi kwa mafuta yale yale.

Tofauti hizo ndizo zinazoifanya kazi kuwa kubwa kuliko kutoa injini na kurudisha nyingine. Katika Corolla yenye 5A-FE, mdomo wa ekzosi hutokea upande wa mbele, karibu na radieta. Katika 1NZ-FE ekzosi hutokea nyuma, upande wa dashibodi. Bomba hupaswa kutengenezwa upya, na lisipokingwa vizuri joto lake huweza kuathiri nyaya, mipira na mabomba yaliyo jirani. Mfumo wa petroli nao ni tofauti: injini ya zamani hurudisha mafuta yaliyozidi kwenye tangi kwa bomba la pili, ilhali ile ya kisasa haina bomba hilo na presha yake hudhibitiwa ndani ya tangi. Fundi anayeunganisha mabomba bila kuzingatia tofauti hiyo huacha gari lenye presha isiyo sahihi, na wakati mwingine lenye kuvuja.

Kwa sababu hizo, mnunuzi anashauriwa kutafuta injini ikiwa kamili: yenye giaboksi yake, nyaya zake, sensa zake na kontroli boksi yake. Injini inayouzwa ikiwa tupu huonekana nafuu dukani, lakini gharama ya kutafuta kila kifaa kimoja kimoja huipita ile ya injini kamili. Ikiwa gari lililotoa injini hiyo lilitumia ufunguo wenye chipu, ufunguo huo au kifaa kinachoutambua ni lazima vipatikane pia, vinginevyo kontroli boksi haitaruhusu injini kuwaka.

Injini ina historia

Injini ya mtumba ni mali iliyowahi kuwa ya mtu mwingine. Nyingi huingia nchini kwa njia halali kupitia bandarini. Zipo pia zinazotokana na magari yaliyoibwa na kuvunjwa. Mnunuzi hawezi kuzitofautisha kwa kuziangalia. Kinachomlinda ni nyaraka.

Kabla ya kulipa, mnunuzi asome mwenyewe namba iliyochongwa kwenye bloku. Namba iliyosuguliwa, iliyochongwa upya au iliyofunikwa kwa rangi ni sababu tosha ya kuiacha injini hiyo. Baada ya kulipa, adai risiti ya mashine ya kielektroniki ya EFD, na ahakikishe kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye risiti au kwenye hati ya mauzo iliyoambatanishwa nayo. Risiti iliyoandikwa "vipuri vya gari" pekee haithibitishi ni injini ipi iliyonunuliwa.

Nyaraka hizo zina kazi mbili. Kwanza, zitahitajika wakati wa kuomba taarifa za gari zibadilishwe. Pili, endapo injini itadaiwa kuwa ya wizi, ndizo zitakazoonyesha kuwa mnunuzi aliipata kwa nia njema na kutoka kwa nani. Asiyekuwa nazo hubaki kujieleza kwa maneno matupu mbele ya Polisi, huku gari la familia likishikiliwa.

Usalama wa kazi inayofanyika nyumbani

Injini ya gari dogo ikiwa na giaboksi yake ina uzito unaozidi kilo 100. Mazoea ya kufunga mnyororo kwenye tawi la mwembe au kwenye kenchi la paa ni ya hatari, kwa kuwa vitu hivyo havikujengwa kubeba mzigo wa namna hiyo na huvunjika bila kutoa ishara. Winchi yenye miguu yake inaweza kukodishwa kwa siku moja. Gari nalo lisiachwe juu ya jeki peke yake mtu akiwa chini. Liwekwe kwenye stendi za chuma, juu ya sakafu ngumu iliyo tambarare.

Hatari ya pili ni moto. Kabla ya kufungua bomba lolote la petroli, waya wa hasi wa betri utolewe na presha ya mafuta ipunguzwe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo mbali na gari. Siku ya kazi hiyo jiko lihamishwe, watoto wasikaribie, na kizimamoto kiwe jirani. Endapo moto utatokea, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Hatari ya tatu haionekani siku hiyo hiyo. Oili chafu na maji ya radieta yaliyochanganywa na dawa havipaswi kumwagwa kwenye mtaro au uani, kwa kuwa huingia kwenye udongo na hatimaye kwenye visima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Sura ya 191, inalinda mazingira dhidi ya uchafuzi wa aina hiyo. Oili ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko na kukabidhiwa kwa gereji au wakusanyaji wanaotambulika, na dumu hilo lisitumike tena kuhifadhia maji au chakula. Gesi ya kiyoyozi cha gari nayo itolewe na fundi wa viyoyozi mwenye mashine ya kuinasa, kwa kuwa ikiachiwa hewani huchangia ongezeko la joto duniani.

Kadi ya gari na rejista ya TRA

Usajili wa magari nchini hufanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kadi ya gari hubeba, pamoja na jina la mmiliki, namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wa injini. Namba ya chasisi haibadiliki gari linapobadilishwa injini, na kwa msingi huo gari hubaki kuwa lile lile kisheria. Namba ya injini, hata hivyo, hubadilika hata pale injini mpya inapokuwa ya aina na ujazo ule ule. Wanaodhani kuwa hakuna cha kutolea taarifa kwa sababu "injini ni ile ile ya lita moja na nusu" wanakosea.

Mmiliki anashauriwa kufika katika ofisi ya TRA iliyo karibu kabla ya kazi kuanza, ili aelezwe fomu za kujaza, ada na utaratibu wa ukaguzi. Kwa kufanya hivyo atajua mapema ni ushahidi gani utakaohitajika, badala ya kuutafuta wakati muuzaji ameshahama au risiti imeshapotea. Ni busara kuweka katika jalada moja kadi halisi ya gari, kitambulisho cha mmiliki, risiti na hati ya mauzo ya injini, pamoja na picha za namba ya injini ya zamani na ya mpya. Maelezo mafupi ya fundi yenye tarehe na jina lake yaongezwe humo.

Injini ya zamani isisahauliwe. Ikiuzwa, mmiliki abaki na nakala ya hati ya mauzo. Namba ya injini hiyo ilikuwa kwenye kadi yake, na ikionekana baadaye kwenye gari lenye utata, hati hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa ilishatoka mikononi mwake.

Bima na ukaguzi kabla ya safari

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila anayetumia gari barabarani awe na bima inayowalinda watu wengine. Mkataba wa bima hujengwa juu ya taarifa za kweli zilizotolewa na mwenye gari. Mmiliki aliyebadili injini na kunyamaza hujiweka katika hatari ya kuingia kwenye mgogoro wa fidia, hasa mwenye bima kubwa. Taarifa kwa kampuni ya bima itolewe kwa maandishi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.

Kwa upande wa usalama, injini kubwa kuliko ya awali hudai zaidi ya kadi mpya. Gari lililoundwa kubeba injini ya lita 1.5 likiwekewa injini kubwa na nzito zaidi, breki, springi na mfumo wake wa kupoza huenda visitoshe. Kabla ya kuendeshwa umbali mrefu, gari likaguliwe breki, usukani, uvujaji wa petroli na oili, joto la injini na taa za tahadhari kwenye dashibodi. Taa ya injini isiyozimika si jambo la kuzoea, na kuitoa balbu hakuondoi kasoro iliyoiwasha. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haitofautishi kasoro iliyotoka kiwandani na iliyotengenezwa uani: gari bovu halipaswi kuwa barabarani.

Bloku ya aluminiamu huvumilia joto kali kwa kiasi kidogo kuliko ya chuma. Wiki za kwanza baada ya kazi ndizo za kuangalia geji ya joto kila mara, kupima maji na oili asubuhi injini ikiwa ya baridi, na kuepuka safari za mikoani.

Gharama inayosahauliwa

Familia inapopanga bajeti ya kubadili injini, huhesabu bei ya injini, ujira wa fundi, oili, mipira na bomba la ekzosi. Gharama ya ukaguzi na ya kubadili taarifa za gari iwekwe kwenye hesabu hiyo hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa ni sehemu ya kazi. Mnunuzi makini wa gari hufungua boneti, husoma namba na kuilinganisha na kadi. Zikipishana, huondoka au hushusha bei. Gari hilo ni akiba ya familia, na namba inayolingana na kadi ndiyo inayoiwezesha kuuzwa kwa thamani yake siku fedha zitakapohitajika kwa ada ya shule au matibabu.