Milioni 3 za Kikoba: Pikipiki au Kompyuta?

Desemba vikoba vinapovunjwa, swali hili huzuka katika nyumba nyingi za Tanzania. Kijana kapokea gawio lake, kaongeza na hela ya mpunga, mkononi ana kama milioni 3. Mama anamwambia anunue pikipiki ili asikose ya mboga. Kaka aliyemaliza chuo anasema kompyuta mpakato, kazi za sasa ziko huko. Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anapiga hesabu ya bei ya dukani peke yake.

Pikipiki kwanza, maana hesabu yake ndefu. Boxer 150 au TVS HLX mpya inakaribia kumaliza fedha yote hiyo. Za Kichina kama SanLG na Fekon hupungua kwa laki kadhaa. Juu yake kuna bima, leseni ya LATRA kama utabeba abiria, kofia ngumu mbili, na leseni ya udereva daraja A kwa asiyekuwa nayo. Mwenye milioni 3 kamili, basi, atafute chombo cha milioni 2 na laki sita au saba.

Kikishaingia barabarani kinakula kila siku. Tuseme dereva anaingiza 25,000. Petroli lita 3, tukikadiria lita kwa 3,000, ni 9,000. Kama chombo ni cha mtu, hesabu ya tajiri tuiweke 10,000. Dereva anabaki na 6,000, humo humo kuna chakula cha mchana, oili na maneno ya trafiki. Kama chombo ni chako, unabaki na 16,000. Hizo 10,000 za tajiri ndiyo faida yenyewe ya kumiliki, na wengi wakishazishika wanazila zote. Fundi naye anazisubiri: oili ambayo kwa anayeshinda barabarani haimalizi hata wiki tatu, cheni na sproketi, tairi la nyuma, breki, siku nyingine klachi. Asiyetenga walau 3,000 kila jioni ataishia kukopa ili atengeneze kitu kinachomlisha.

Wapo wanaonunua ili wampe mtu aendeshe. Kwenye karatasi inavutia: 10,000 kwa siku 26 ni 260,000 kwa mwezi, miezi 11 chombo kimerudisha fedha. Karatasi hiyo haina masika, haina chombo kilichozuiliwa kituoni wala dereva aliyeaga anakwenda msibani akapotea na funguo. Na bima ndogo, ambayo ndiyo wengi wanakata, humlipa mtu uliyemgonga; pikipiki yako ikiibwa hupati kitu. Kama huna ndugu au jirani unayemjua mpaka kwao, usinunue chombo cha kumpa mtu.

Asiye na fedha taslimu huchukua kwa mkataba. Chukua mfano wa 10,000 kwa siku 26 za mwezi, miezi 14: jumla 3,640,000. Ikiwa taslimu chombo hicho ni 2,800,000, umelipa 840,000 zaidi. Si vibaya kwa mtu aliyeanza na mikono mitupu. Kabla ya kusaini muulize tajiri swali moja: nikikwama wiki mbili mwezi wa 12, ukanyang'anya chombo, nilicholipa kinakwenda wapi? Jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Kuna gharama nyingine ambayo hakuna muuzaji anayeitaja. Mguu ukivunjika, mapato yanasimama siku hiyo hiyo na matumizi yanaanza. Anayedhani natia chumvi apite MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Sasa kompyuta. Kaka anakosea akisisitiza iwe mpya. Mpya yenye nguvu ya kazi, yaani i5, RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inaweza kumeza nusu ya fedha au zaidi. Kariakoo kuna mashine zilizotumika maofisini Ulaya, HP EliteBook, Dell Latitude na ThinkPad, ambazo hupatikana kwa robo ya milioni 3 au chini yake. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, kwa hiyo ni ngumu na nyingi zinafunguka ukabadilisha diski.

Ila zikague. Soma namba ya prosesa: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka rasmi kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana EliteBook 840 G3 inauzwa rahisi kuliko G5. Angalia kibodi: ya Kijerumani ina Y na Z zilizobadilishana nafasi, na muuzaji hubandika stika juu yake. Iwashe upya uingie BIOS. Ikidai nenosiri, mrudishie mwenyewe. Kisha chomoa chaja, ukae nayo dukani nusu saa, uone betri inavyoshuka.

Ikishafika nyumbani haili petroli, lakini haiingizi kitu mpaka apatikane mtu wa kukulipa. Karibu na chuo au ofisi ya kata wapo: maombi ya mkopo wa HESLB, Ajira Portal, TIN, barua, kuchapa ripoti za wanafunzi. Utahitaji printa na bando, na wateja huja kwa msimu. Kijijini kusiko na chuo wala ofisi, kompyuta itakuwa ya kutazamia filamu.

Nikiulizwa mimi, anayeweza kutaja leo watu watatu walio tayari kumlipa kwa kazi ya kompyuta anunue iliyotumika, aongeze printa, zaidi ya nusu ya fedha ibaki benki. Asiyeweza kuwataja, na ana leseni na ataendesha mwenyewe, anunue pikipiki kwa taslimu, kadi iandikwe jina lake. Kompyuta mpya kwa milioni 2 sioni ya nini, labda kwa mhariri wa video mwenye kazi tayari. Na kwa vyovyote vile, dukani nenda na fundi wako, usikubali wa kupewa na muuzaji.