Winchi ya Tanga si Mota ya Usukani

Ndugu wasikilizaji, wiki hii naomba tuache kidogo siasa na bei ya unga, twende ufukweni.

Mpwa wangu alitumia miezi minne kuunda mashua ndogo ya mbao, urefu wa mita 1, ya kuongozwa kwa redio. Tukaishusha majini siku ya kusi. Ilipofika mbali, demani ikagoma kuvutika. Tanga likabaki wazi, upepo ukaichukua, na baada ya muda hata usukani ukaacha kutii. Tulikodi ngalawa kuifuata, tukaikuta kwenye miamba, ubavu umepasuka.

Muuzaji alikuwa ametuambia kwamba mota inayotosha usukani itatosha na tanga. Nami, mtu wa redio miaka yote hii, nikaamini! Tangu siku ile nimeuliza wajuzi, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza ni nguvu, ambayo huandikwa kwa kilo-sentimita. Winchi ya 10, yenye kigurudumu cha kipenyo cha sentimita 4, huvuta kilo 5 tu, na hapo ndipo inapokwama kabisa. Kwa hiyo nunua yenye nguvu mara mbili ya unayohitaji. Utaijuaje? Siku ya upepo mkali, shika mashua ukingoni mwa maji, funga demani kwenye mizani ya kuning'iniza, usome.

Pili ni urefu wa kamba. Kigurudumu hicho hukusanya kama sentimita 12.5 kwa mzunguko mmoja. Demani ya sentimita 50 inataka mizunguko 4. Ukiweka kigurudumu kikubwa zaidi, kamba itakwenda kasi lakini nguvu itapungua. Aina nyingine huvuta kwa mkono badala ya kigurudumu. Hiyo haitatizi kamba ikilegea, ila kamba inayovutwa ni fupi.

Tatu ni betri, na hapa ndipo tulipoangamia. Winchi iliyokwama hunywa umeme bila kiasi, na mara nyingi betri hiyo hiyo ndiyo inayolisha kipokezi na usukani. Ikiisha, umepoteza vyote kwa pamoja. Ukiweza, ipe winchi betri yake.

Mpwa wangu ameanza kuunda mashua nyingine. Safari hii tumeanza na mizani, ndipo tutakwenda dukani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.